Chakula cha mtaani kisiwani Rhodes: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Ndani ya kuta za mji mkongwe wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, hasa katika mtaa wa Sokratous na uwanja wa Ippokratous, chakula huuzwa kwa watu ambao muuzaji hatarajii kuwaona tena. Ukitoka nje ya kuta na kutembea dakika kumi au kumi na tano kuelekea mitaa wanayoishi wenyeji, chakula hichohicho huuzwa kwa dereva wa basi, mwalimu na fundi umeme, watu ambao wakiridhika kesho wanarudi na wakiudhika wanahamia duka la jirani. Kwa mnunuzi, tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la mlo na kuliko picha zilizobandikwa mlangoni. Kila chakula kilichopangwa hapa chini kinaweza kushuka daraja mbili ukikinunua mahali pabaya.

Bei tulizoandika ni za misimu ya karibuni, Aprili hadi Oktoba, wakati kisiwa kina wageni. Ukikuta nyongeza ya senti 50, ni kawaida. Ukikuta bei imeongezeka nusu nzima, unalipia mahali ulipo, si chakula. Visiwa vya Santorini na Mykonos ni habari nyingine: huko ongeza euro moja hadi mbili kwa kila pita (mkate bapa uliofungiwa nyama) kabla hujaanza kulalamika.

Kwa anayekula nyama zote, mpangilio wetu ni huu: pita ya gyros kwanza, mishikaki ya mkaa pili, bekari tatu, vyakula vya kukaanga vya dengu na mboga nne, samaki wadogo wa kukaanga tano, na mwisho kabisa sahani kubwa ya uwanjani. Kwa asiyekula nguruwe mpangilio unapinduka, na tumelieleza hilo peke yake, kwa sababu Ugiriki nguruwe yuko kila mahali, hata pale usipomtarajia.

1. Pita ya gyros: euro 4 hadi 5.50

Gyros ni nyama iliyopangwa vipande juu ya vipande kwenye chuma kilichosimama, ikazungushwa mbele ya moto wa gesi au umeme, kisha ikakatwa kwa nje kadiri inavyoiva. Ni utaratibu uleule wa shawarma, ila hapa nyama ya kawaida ni nguruwe, ikifuatiwa na kuku. Inafungwa ndani ya pita laini isiyo na mfuko, yenye kipenyo cha sentimita 17 hadi 20, pamoja na nyanya, kitunguu, chipsi na tzatziki, yaani mtindi mzito uliochanganywa na tango, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mtu mzima mwenye njaa ya kawaida anashiba kwa moja. Hakuna kingine kisiwani kinachokupa nyama, wanga na mboga kwa bei hiyo, na ndiyo sababu iko juu.

Kabla hujaingia kwenye foleni, utazame mnara wa nyama. Mambo matatu yanakwambia karibu yote. La kwanza ni umbo lake na saa. Maduka mengi huwasha moto kati ya saa 5 asubuhi na saa 6 mchana. Mnara mpya huwa mnene, na unaona matabaka ya vipande. Ukipita saa 6 mchana ukakuta mnara mwembamba kama mkono, hiyo ni nyama ya jana iliyowashwa upya. Nenda duka jingine. Mnara mwembamba saa 5 usiku hauna ubaya wa usalama, lakini joto limeshapenya hadi ndani na nyama imekauka.

La pili ni rangi ya vipande vinavyokatwa. Kipande kizuri ni chembamba, upande mmoja umekauka na kuwa wa kahawia, upande wa pili una unyevu. Vipande vilivyopauka pande zote mbili maana yake mkataji amekata ndani mno kabla tabaka la nje halijaiva vizuri. Kosa hili hutokea foleni inapokuwa ndefu kuliko kasi ya moto, kwa hiyo saa ya msongamano mkubwa si saa bora ya kununua. Wagiriki hula chakula cha usiku kuanzia saa 3. Ukienda saa 1.30 hadi saa 2.30 usiku unakuta moto uko tayari, mnara unatembea, na mkataji hajabanwa. Mchana, saa 7 hadi saa 8 ndiyo nzuri.

La tatu ni trei iliyo chini ya mnara. Nyama kidogo pale ni sawa. Ikiwa imejaa rundo lililokatwa kitambo, ujue utapewa hiyo. Vipande vyembamba hupoteza unyevu ndani ya dakika chache na mafuta yake huganda. Muuzaji huvirudisha kwenye bamba la chuma vipate joto, na hapo vinakuwa vigumu na vya chumvi. Muuzaji mwenye kazi anakata baada ya kusikia agizo lako, au hana zaidi ya kiasi cha pita tatu nne kwenye trei.

Pita yenyewe inapaswa kupakwa mafuta na kupata joto kwenye bamba kwa nusu dakika hadi dakika moja. Ikikunjwa bila kupasuka, iko vizuri. Ikipasuka, ama ilikuwa kavu ama haikupakwa mafuta, na mchuzi wote utaishia kwenye shati. Tzatziki ya majimaji inatokana na tango ambalo halikukamuliwa. Inalowesha pita kwa chini ndani ya dakika tano.

Chipsi ndani ya pita ni desturi, si udanganyifu, lakini ni kitu cha bei rahisi kinachojaza nafasi. Ukitaka nyama ionekane, omba chipsi kidogo, au lipia nyama mara mbili, nyongeza ambayo kwa kawaida ni euro 1.50 hadi 2. Kununua pita mbili ndogo badala ya moja yenye nyama maradufu hakuna faida: unalipia mkate na chipsi mara ya pili.

Maneno ya kuagiza ni machache. "Pita gyros" halafu nyama unayotaka: hirino ni nguruwe, kotopoulo ni kuku. "Ap' ola" ni kila kitu ndani. "Horis kremmidi" ni bila kitunguu. "Paketo" ni ya kubeba. Ukiagiza ya kuku, maduka mengi huweka mchuzi wa haradali au ule wa rangi ya waridi badala ya tzatziki bila kukuuliza. Kama unataka tzatziki, taja mapema kabla pita haijafungwa.

Pita ya gyros haisafiri vizuri. Ikishafungwa kwenye karatasi na foili, mvuke unageuza chipsi kuwa uji ndani ya dakika kumi. Ukiwa unaipeleka hotelini au ufukweni, omba tzatziki na nyanya zifungwe kando, na usiiache kwenye begi kusubiri njaa. Kwenye joto la Julai na Agosti, likipita nyuzi 32, chakula chenye nyama na mtindi kisikae nje zaidi ya saa moja. Kwenye hali ya ubaridi zaidi, saa mbili.

2. Mishikaki ya mkaa: euro 2 hadi 3 kwa mmoja

Kwa ladha peke yake, tungeiweka kwanza. Mshikaki wa Kigiriki, unaoitwa souvlaki au kalamaki kutegemea muuzaji ametoka wapi, una takriban gramu 100 za nyama mbichi kwenye kijiti cha mti, chumvi, oregano na ndimu, na kipande cha mkate pembeni. Unapikwa baada ya kuagizwa, au angalau unamaliziwa mbele yako, kwa hiyo nafasi ya kupewa kitu cha masaa matatu ni ndogo. Kilichoushusha nafasi ya pili ni shibe: unahitaji mishikaki mitatu pamoja na mkate na nyanya ili ufikie kiwango cha pita moja, na hapo umeshafika euro 8 au 9.

Uliza kama ni "sta karvouna", yaani juu ya mkaa. Sehemu nyingi zenye picha kubwa na taa nyingi hutumia bamba la gesi. Nyama inaiva, lakini inatoka imechemka kwa maji yake badala ya kuchomeka. Utaijua kwa kuona: mshikaki wa mkaa una alama nyeusi kwenye pembe za vipande na katikati pana rangi ya dhahabu, wa bamba una rangi moja ya kijivu upande uliolala.

Kuku kwenye mshikaki ana hatari mbili. Kidari kilichokatwa vipande vidogo hukauka haraka, kwa hiyo chagua duka linalotumia paja, ambalo lina rangi iliyokolea zaidi. Na ukivunja kipande kikubwa, katikati pasiwe na rangi ya waridi wala nyama inayong'aa kama imelowa. Ikiwa hivyo, rudisha palepale. Hakuna mtu wa jikoni mwenye akili atakayebishana na wewe kuhusu kuku mbichi.

Mishikaki inasafiri vizuri kuliko pita. Ukiwa na safari ya basi kwenda Lindos, kilomita kama 50 kusini mwa mji, mishikaki minne na mkate kwenye foili ni mlo wa heshima, mradi uule ndani ya saa moja na nusu, au saa moja joto likipita nyuzi 32.

3. Bekari: euro 2 hadi 3 kwa kipande

Hapa ndipo pesa inapodumu, na wageni wengi wanapapita wakitafuta nyama. Kila mtaa wa wenyeji una fournos, bekari inayofungua alfajiri. Vitu vya kununua ni tiropita, unga mwembamba wa matabaka uliojazwa jibini la feta, na spanakopita, yenye spinachi na jibini. Kipande cha gramu 150 hadi 200 kinatosha kifungua kinywa cha mtu mzima. Vipande viwili ni chakula cha mchana.

Saa ndiyo kila kitu. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi trei zinatoka tanurini, tabaka za juu zinavunjika ukizigusa, na jibini bado ni laini. Kufikia saa 8 mchana kipande kilekile kimekaa chini ya taa ya joto masaa matano: juu kimekauka, chini kimelowa. Omba kutoka trei iliyojaa, si ile iliyobaki vipande viwili pembeni. Na usikubali kipashwe kwenye maikrowevu, kwa sababu unga wa matabaka hugeuka ngozi. Kikiwa baridi, ukile hivyohivyo.

Bougatsa yenye kastadi, iliyonyunyiziwa sukari ya unga na mdalasini, ni tamu na inashibisha, lakini inachafua mikono na haifai kuliwa ukitembea. Koulouri, pete ya mkate yenye ufuta, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na inakaa siku nzima kwenye begi bila kuharibika. Ukiwa na watoto, nunua mbili kila asubuhi na maji.

Kwa asiyekula nyama, mayai wala maziwa, tafuta neno "nistisimo" kwenye kibandiko. Ni vyakula vya mfungo wa Waorthodoksi, vinavyotengenezwa bila mazao ya nyama, maziwa wala mayai, na bekari nyingi huwa navyo hata nje ya Kwaresima: mikate yenye zeituni, maandazi ya tahini, pai za spinachi zisizo na jibini.

Kwa asiyekula nguruwe

Hapa mpangilio unakuwa: bekari kwanza, vyakula vya dengu na mboga pili, samaki tatu, halafu kuku. Sababu ni kwamba kuwa na kuku kwenye menyu hakumaanishi kuwa kuku huyo amechinjwa kihalali, na katika duka la kawaida la gyros minara miwili husimama sako kwa bako, kisu kimoja, koleo moja, bamba moja la kupashia pita. Anayejali kuchinja, duka hilo halimfai. Anayejali tu kutokula kitimoto anaweza kuomba "horis hirino" na kutazama kisu, lakini ajue mafuta yanachanganyika.

Yapo maficho ya nguruwe ambayo yamewakuta wengi. Mshikaki wa kuku uliozungushiwa beikoni unauzwa sana na kwenye picha unaonekana kama kuku mtupu. Bifteki, nyama ya kusaga iliyochomwa, mara nyingi ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Loukaniko ni soseji ya nguruwe. Kwenye bekari, zambonopita ina hemu na loukanikopita ina soseji. Zimepangwa jirani na tiropita na umbo linafanana, kwa hiyo usinyooshe kidole tu, taja jina. Tosti ya kwenye vibanda vya ufukweni huja na hemu bila kuuliza. Sema "mono tyri", jibini tu. "Galopoula" ni bata mzinga, "moshari" ni ng'ombe, "arni" ni kondoo.

Ukiunganisha safari na kisiwa cha Kos, jua kwamba kijiji cha Platani, karibu na magofu ya Asklepieion, kina wakazi Waislamu wanaozungumza Kituruki na migahawa yenye vyakula vya Kituruki. Ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza kuhusu nyama. Uliza ana kwa ana na kwa uwazi, maana kwenye meza hizohizo wanakaa watalii wa kila namna na menyu haiandikwi kwa ajili ya Waislamu peke yao.

4. Pitaroudia na jamaa zake: euro 5 hadi 8 kwa sahani ndogo

Pitaroudia ni chakula cha Rhodes hasa. Dengu zilizolowekwa na kupondwa huchanganywa na kitunguu, nyanya, mnanaa na unga kidogo, kisha zikakaangwa kwenye mafuta mengi. Sahani moja huwa na vitano hadi saba. Zikitoka jikoni moto ni mlo mzuri sana, zenye harufu ya mnanaa na nje yake ikivunjika kwa sauti. Hupikwa zaidi kwenye migahawa midogo kuliko kwenye madirisha ya kubebea, lakini ukiomba "paketo" wanakufungia.

Kinachoziharibu ni unga kuzidi. Mpishi anayebana dengu huongeza unga ili vishikane, na unapata kidonge kizito chenye ladha ya mkate. Kipasue kimoja: ndani paonekane chembechembe za dengu na vipande vya kijani, pasiwe kama ndani ya andazi. Mafuta yaliyochoka huacha rangi nyeusi na ladha chungu nyuma ya ulimi.

Dolmades, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, ni chaguo jingine la kubeba. Zinazoitwa gialantzi hazina nyama. Zinaliwa baridi, kwa hiyo zinafaa ufukweni kuliko karibu kila kitu kwenye orodha hii. Nyingi zinazouzwa kwa watalii zimetoka kwenye kopo. Utazijua kwa kulingana umbo bila kasoro na kwa ladha kali ya siki.

5. Samaki wadogo na ngisi wa kukaanga: euro 8 hadi 14

Gavros na atherina ni jamii ya dagaa wa baharini, wanaokaangwa wazima na kuliwa na mifupa yake. Hao ndio wa kununua. Wakiwa wabichi kweli, miili yao imenyooka na haijavunjika tumboni. Kamba wadogo wa Symi, kisiwa jirani, hukaangwa na kuliwa na maganda. Ni ghali kwa gramu, lakini ni kitu ambacho hutakipata kwingine kwa ubora huo.

Kwa ngisi, soma menyu kwa makini. Vyakula vilivyogandishwa hutakiwa kuonyeshwa, kwa kawaida kwa nyota ndogo pembeni ya jina au kifupi cha neno la Kigiriki la kugandishwa. Pete za ngisi zilizolingana kama zimetolewa kwenye kiwanda ndivyo zilivyo: zimetolewa kwenye kiwanda. Si sumu, ila bei yake isifikie ya ngisi mbichi. Na samaki mkubwa anayeuzwa kwa kilo apimwe mbele yako, bei ijulikane, kabla hajaingia jikoni. Hilo si jambo la kuonea haya. Wenyeji hufanya hivyo kila siku.

Samaki wa kukaanga hawabebeki. Ndani ya boksi lililofungwa wanalainika ndani ya robo saa. Kama lazima ubebe, omba kifuniko kiachwe wazi.

Vitamu na kahawa

Loukoumades ni kaimati kabisa: donge la unga uliochachuka, likakaangwa, likamwagiwa asali na mdalasini. Msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Muscat ana haki ya kuzipima kwa vipimo vya nyumbani. Ziwe nyepesi mkononi na tupu ndani. Zikiwa nzito, unga haukuchachuka vya kutosha au mafuta yalikuwa na joto dogo. Sahani ya euro 5 hadi 7 inatosha watu wawili. Kataa chokoleti na krimu za rangi, ambazo huongeza euro mbili na kuficha unga mbovu. Omba asali ya kawaida.

Melekouni, kipande cha ufuta na asali chenye harufu ya machungwa, ni kitamu cha harusi za Rhodes na ndicho cha kubeba kwenda nyumbani. Hakiyeyuki, hakivunjiki, na kinapita kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi, tofauti na chupa ya asali ambayo ikizidi mililita 100 itachukuliwa.

Kahawa ya baridi, freddo espresso, ichukue ya kubeba: euro 2 hadi 3, wakati mezani ni 4 hadi 5. Sehemu ya tofauti ni kodi. Tangu Julai 2024 kahawa inayonywewa mezani inatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 24, ya kubeba imebaki asilimia 13. Sehemu kubwa zaidi ni kiti na kivuli, na mezani Ugiriki unaweza kukalia kahawa moja saa mbili bila mtu kukufukuza, kwa hiyo kama unahitaji kupumzika kwenye jua la Agosti, lipia kiti kwa moyo mweupe. Utaulizwa sukari: sketo ni bila, metrio ni ya wastani, glyko ni tamu sana.

Kuletewa chumbani

Katika mji wa Rhodes, programu za simu kama efood huleta chakula. Tumia kwa mishikaki na vyakula vya sahani, si kwa pita iliyofungwa wala kwa vya kukaanga, kwa sababu zilizoelezwa juu. Hoteli zilizo nje ya mji mara nyingi hazifikiwi, au agizo dogo halipokelewi. Faida moja ya programu hizi ni kwamba hata usipoagiza, unaona bei ambazo wenyeji wanalipa. Fungua, tazama pita ya gyros ni kiasi gani mtaani kwako, halafu toka ukanunue kwa miguu.

6. Sahani ya uwanjani: euro 12 hadi 16, na mengine juu yake

Merida ni gyros, chipsi, pita, nyanya, kitunguu na tzatziki vilivyotandazwa kwenye sahani. Katika mtaa wa wenyeji, watu wawili wenye njaa ndogo wanaweza kugawana sahani moja ya euro 11 na ikawa ununuzi mzuri. Tumeiweka mwisho kwa sababu ya mahali inapouzwa zaidi: viwanja vyenye chemchemi, mtu wa kuita wateja mlangoni, na menyu ya picha katika lugha nane.

Pale chakula si tatizo kubwa. Tatizo ni kinywaji. Ukisema tu "bia", unaweza kuletewa glasi kubwa yenye umbo la buti, ya lita moja au zaidi, kwa bei inayozidi mlo wenyewe. Taja ujazo: mililita 330 au 500, na uone bei yake kwenye menyu kabla hujaitikia. Swali la "kubwa au ndogo?" halina maana mpaka ujue kubwa ni kiasi gani. Hali kadhalika juisi ya machungwa ya kukamua.

Mkate unaoletwa bila kuombwa hulipiwa, kwa kawaida euro 1 hadi 2 kwa kila mtu. Usipoutaka, sema mara unapofika mezani. Ukishaumega, ni wako. Maji ya chupa ndiyo kipimo kizuri cha uaminifu wa mahali: chupa ya nusu lita kwenye kibanda ni kama senti 50, na mgahawa unaokutoza euro 3 kwa chupa hiyohiyo umeshakueleza utakavyotozwa kwa mengine.

Orodha ya bei inatakiwa ionekane kwa mteja kabla hajaketi, na mashine ya kadi iwepo. Ukiambiwa mashine imeharibika, uliza kabla ya kuagiza, si baada ya kula. Kila mgahawa umebandika tangazo linalosema mteja halazimiki kulipa kama hajapewa risiti, na hilo ni agizo la sheria ya Ugiriki. Karatasi yenye jumla iliyoandikwa kwa kalamu si risiti. Omba iliyochapwa, isome mstari kwa mstari ukiwa bado umekaa, na ulinganishe idadi ya vinywaji na glasi zilizo mezani kabla mhudumu hajaziondoa.